Redio funga mwenyewe, waya wa betri mwachie fundi

MSIMU wa mavuno unapomalizika na fedha za mazao kuingia mfukoni, moja ya mambo ambayo wakulima na wafanyabiashara wengi wadogo huyafikiria ni kununua gari la kazi. Wapo wanaoanza na Suzuki Carry, ambayo mitaani imebatizwa jina la Kirikuu. Wapo wanaochukua Noah au Hiace ya abiria, na wale waliojikusanya vizuri huingia moja kwa moja kwenye Canter ya kubebea mazao.

Gari likishafika nyumbani, jambo ambalo mwenye gari hugundua mapema ni kwamba redio iliyomo haimfai. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japani, ambako kwa miaka mingi stesheni za FM zilipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95. Hapa nchini stesheni zipo kati ya 87.5 na 108. Matokeo yake ni kwamba redio ya Kijapani hunasa stesheni chache za chini tu, na zile nyingine zote hubaki nje ya uwezo wake.

Redio ndani ya gari la kazi si anasa. Ndiyo inayompa dereva utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hajapakia mahindi yasiyo na turubai, ndiyo inayomweleza kama barabara imefungwa, na ndiyo inayomsaidia asisinzie katika safari ya usiku. Kwa mchuuzi anayezunguka minadani, spika ni sehemu ya biashara yenyewe, kwani ndizo zinazoita wateja.

Hapo ndipo mabishano huanza. Upande mmoja wapo wanaosema kufunga redio ni kazi ya bisibisi na nusu saa, na kumlipa fundi ni kutupa fedha. Upande wa pili wapo wanaosema gari lisiguswe na mtu asiyesomea umeme, hata kama ni kubadilisha redio tu.

Pande zote mbili zina hoja, lakini zote hukosea mahali pamoja. Zinabishania bei ya kazi wakati jambo la kupima ni hatari ya kazi. Kufunga muziki ndani ya gari si kazi moja, bali ni kazi mbili tofauti zilizofungwa katika jina moja. Ya kwanza ni kubadilisha redio na spika kwa kutumia nyaya zilizotoka kiwandani. Ya pili ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri kwa ajili ya amplifaya na sabufa. Ya kwanza mwenye gari makini anaweza kuifanya mwenyewe. Ya pili alipe fundi, tena fundi anayemjua.

Kazi ambayo mwenye gari anaiweza

Redio ya gari inapata umeme kupitia waya ambazo mtengenezaji wa gari alikwishazipima na kuzilinda kwa fyuzi. Redio ya kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Mtu akikosea kuunganisha, mara nyingi fyuzi hukatika na kazi huishia hapo. Hasara ni fyuzi.

Redio nyingi za dukani hufuata utaratibu mmoja wa rangi. Waya wa njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni. Mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni athi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kushoto na kulia, na kijani na zambarau ni za nyuma. Kila waya wa spika una mwenzake wenye mstari mweusi, ambao ni upande wa hasi.

Jambo la muhimu kuliko yote ni kutokukata soketi ya kiwandani. Madukani huuzwa soketi za kati ambazo upande mmoja huingia kwenye gari na upande wa pili huungwa na waya za redio mpya. Bei yake ni ndogo, lakini faida yake ni kubwa, kwani siku gari linapouzwa redio ya zamani inarudishwa bila kuacha alama, na siku redio inapoleta matatizo hakuna haja ya kutafuta waya katika giza la dashibodi.

Kabla ya kununua, mwenye gari apime nafasi. Redio ndogo huwa na upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na kubwa huwa na kimo cha 100. Toyota nyingi za Japani zina nafasi yenye upana wa milimita 200, hivyo redio ya milimita 180 huacha pengo pembeni na kuhitaji fremu ya kuziba. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwishalipa.

Aidha, zipo tahadhari ambazo haziruki mtu. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza, kisha isubiriwe angalau dakika chache kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu ya mfuko wa hewa. Soketi na waya za njano zilizofungwa pamoja karibu na usukani au upande wa abiria ni za mfuko huo na zisiguswe wala kupimwa kwa taa. Waya za hasi za spika zisiungwe kwenye bodi ya gari kama ilivyokuwa kwa baadhi ya redio za zamani, maana redio za sasa zikifanyiwa hivyo huungua.

Ikumbukwe pia kuwa baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Anayekusudia kuendelea kuitumia redio ya namna hiyo asifungue betri kabla ya kujua namba hiyo anaipata wapi.

Na kwa yule ambaye shida yake ni stesheni tu, huenda hahitaji redio mpya kabisa. Kipo kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, ili stesheni za juu zisikike kwenye namba za chini. Usafi wa sauti haulingani na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya hapa, na stesheni mbili zinaweza kugongana, lakini kwa anayetaka taarifa ya habari na utabiri wa mvua, kinatosha.

Mpaka ni betri

Mambo hubadilika pale mwenye gari anapotaka sauti kubwa. Amplifaya haiwezi kulishwa na waya wa redio. Inahitaji waya wake kutoka kwenye betri, na waya huo haupiti kwenye fyuzi yoyote ya kiwandani. Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi, kiasi cha kuyeyusha waya na kuwasha zulia, viti na mpira wa mlango.

Hesabu yake si ngumu. Amplifaya inayovuta wati 600 kwenye volti 12 inahitaji ampea 50. Waya wa milimita 2.5 za mraba, ule ule unaotumika kwenye soketi za nyumba, ukipitishwa mita tano hadi nyuma ya gari na kubebeshwa ampea 50, utapoteza karibu volti mbili njiani na kugeuza takribani wati 90 kuwa joto. Hilo ni joto kuliko la balbu ya zamani ya wati 60, na limefichwa chini ya zulia mahali ambapo hakuna anayeliona. Kazi hiyo inataka waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba.

Fyuzi ya waya huo lazima ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Wapo wanaoiweka nyuma, karibu na amplifaya, wakiamini wameilinda. Ukweli ni kwamba fyuzi hailindi amplifaya, inalinda waya. Waya ukichunwa na bati pale unapopita ukuta wa injini, kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi kinabaki bila mlinzi.

Ndiyo maana mahali pa kuweka mpaka ni kwenye betri. Makosa ya upande wa redio hugharimu fyuzi au, ikiwa mbaya sana, redio yenyewe. Makosa ya upande wa betri yanaweza kugharimu gari na mzigo uliomo. Na kwa wenye magari wengi walio na bima ndogo tu, ile ya kulinda watu wengine, gari likiungua kwa shoti hakuna atakayelipa. Hata mwenye bima kubwa anashauriwa kuiarifu kampuni yake kabla ya kuongeza mitambo hiyo, kwani masharti hutofautiana.

Fundi naye apimwe

Kusema kazi hiyo apewe fundi si kusema kila mwenye bisibisi kando ya barabara ni fundi. Baadhi ya kazi mbovu kabisa zinazoonekana ndani ya magari hazikufanywa na wenye magari, zilifanywa na watu waliolipwa. Waya hukatwa badala ya kuungwa kwa soketi, huviringishwa kwa vidole na kufunikwa kwa selotepu ambayo joto la mchana wa Dodoma au Shinyanga huilegeza.

Mwenye gari asimpime fundi kwa ukubwa wa sauti inayotoka kwenye gari lake la maonyesho. Ampime kwa maswali machache. Fyuzi ya waya mkubwa utaiweka wapi? Waya utakaotumia ni wa milimita ngapi? Ukuta wa injini utaupitaje, kwa tundu lenye mpira au kwa kutoboa bati na kupitisha tu? Athi utaifunga wapi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi au kwenye boliti yoyote iliyo karibu? Fundi anayeijua kazi hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwishajibu.

Vilevile waya wenyewe ukaguliwe. Sokoni zipo waya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, nene kwa macho lakini zisizobeba umeme sawa na shaba tupu. Uzi mmoja ukikwanguliwa kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe, huo si waya wa shaba, na hata ukitumika lazima uwe mnene zaidi.

Kuhusu wati zinazoandikwa kwenye boksi, mnunuzi asome fyuzi, asisome boksi. Redio yenye fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 12 inavuta wati 120 kwa jumla. Zikigawanywa kwa spika nne ni wati 30 kila moja kabla ya kutoa zinazopotea kama joto. Boksi likidai wati 60 mara nne, hesabu hiyo haiwezi kukubali. Hivyo hivyo kwa amplifaya inayodai wati 2,000 huku ikiwa na fyuzi ya ampea 30.

Malipo nayo yawe na utaratibu. Mwenye gari apewe risiti inayotaja vifaa na kazi, aonyeshwe fyuzi ilipo, na gari liachwe likiwa na muziki kwa nusu saa kisha waya zishikwe kwa mkono. Waya wenye moto ni waya uliofungwa vibaya au mwembamba kuliko kazi yake. Mafundi wa umeme wa magari wanaofundishwa na VETA wapo, na wapo pia waliojifunzia mtaani ambao kazi yao ni safi. Cheti ni jambo jema, lakini cheti cha kwanza ni kazi yenyewe.

Canter na volti 24

Wenye malori wanahitaji onyo la peke yao. Canter na Fuso nyingi zina betri mbili zilizoungwa kutoa volti 24, wakati redio nyingi za dukani ni za volti 12. Redio hiyo ikiungwa moja kwa moja huungua papo hapo.

Njia ya mkato inayotumiwa na baadhi ya mafundi ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Redio italia vizuri na mteja ataondoka akiwa amefurahi. Baada ya muda betri moja itakuwa inanyonywa kila siku huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati wake. Kwa bei ya betri za lori, hiyo ni redio ghali mno. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, au kununua redio iliyotengenezwa kwa volti 24 tangu mwanzo.

Hesabu ya mfanyabiashara

Chukua mfano wa mchuuzi anayepakia nyanya Ilula, mkoani Iringa, kwenda Dar es Salaam. Kwa ajili ya hesabu tu, fundi amemwambia kazi ya kufunga amplifaya ni Sh50,000, naye akaamua kuifanya mwenyewe. Ameokoa Sh50,000. Lakini waya mdogo unaoiamuru amplifaya iwake na kuzima ameuunga kwenye umeme wa kudumu, hivyo haizimi hata ufunguo ukitolewa.

Amplifaya isiyopiga chochote ikila ampea moja tu, kwa siku nzima inakunywa ampea 24 kwa saa, karibu nusu ya betri ya ampea 50. Gari likikaa siku mbili likisubiri mzigo, betri haipo. Likikataa kuwaka alfajiri pale Ruaha Mbuyuni likiwa limepakia, atatafuta wa kumsukuma au wa kumwazima betri, atafika sokoni jua limekwishapanda, na wanunuzi wakubwa wamekwishachukua mzigo wa wengine. Matenga machache yakilala na kuoza, Sh50,000 zimekwisha.

Anayetumia gari kwa matangazo mnadani ana hesabu nyingine. Amplifaya ikivuta ampea 20 wakati injini imezimwa, betri ya ampea 50 itafika nusu ndani ya saa moja na robo hivi, na betri ya gari haipendi kushushwa chini ya hapo. Injini ikiwashwa nayo si dawa kamili, kwa sababu alteneta ya gari dogo ina kikomo chake, na sehemu ya umeme huo ni ya taa na injini. Mwenye biashara hiyo atenge betri ya pili kwa ajili ya spika, nayo ifungwe na fundi.

Kwa upande wa pili, mwenye gari anayelipa fundi kila anapotaka kubadilisha spika ya mlango naye anapoteza. Spika ni boliti tatu au nne na waya mbili. Akihakikisha ni ya omu 4 kama ile iliyotoka, na chanya na hasi hazijabadilishana kati ya kulia na kushoto, hana sababu ya kutoa fedha. Zikibadilishana hakuna kitakachoungua, sauti nzito tu itapwaya. Mkulima anayefungua na kufunga pampu ya maji shambani haishindwi kazi hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya vijana wa mjini na hayamhusu mkulima. Lakini gari la mkulima ndilo mtaji wake unaotembea. Mtu anayekagua tairi na oili kila asubuhi, kisha akaacha waya wa betri upite chini ya kiti bila fyuzi, hajakagua gari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ufa huo unaweza kuwa fyuzi ya bei ndogo ambayo haikuwekwa mahali pake.

Kwa hiyo mwenye gari la kazi afunge mwenyewe kile kinachoingia kwenye soketi ya kiwandani, kwani fedha hiyo ni halali yake. Waya mpya unapotaka kushika betri, aweke bisibisi chini na kumwita fundi, akae naye mpaka kazi iishe, na asilipe kabla hajaonyeshwa fyuzi.